Jiko Lenye Kufuli

Siku Vidole alipojua kwamba jiko lake lilikuwa limefungwa, alikuwa ameshika kichwa cha mtu. Mteja wake, mwalimu wa chekechea, alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya jikoni, shingo ameinamisha, nusu ya nywele imeshasukwa na nusu imesimama kama imetoka kupigwa shoti. Vidole alipenda kusukia jikoni kwa sababu upepo wa mlango wa nyuma ulipita hapo, na pia kwa sababu hapo alijua kila kitu kilipo bila kuuliza mtu: kabati kulia, sinki kushoto, ndoo ya maji chini ya dirisha.

"Dada, kumbe na wewe unalifunga jiko," mwalimu alisema, akichungulia kwa pembeni bila kugeuza kichwa. "Nilidhani ni mimi tu. Yule wangu wa mwisho ana mikono isiyotulia. Nisipofunga atatuunguza wote."

"Kulifunga vipi?"

"Si hiyo kufuli. Ile alama nyekundu pale pembeni ya kioo. Ikiwaka hivyo hata ubonyeze mpaka kesho, jiko halikubali. Wameiweka kwa ajili ya watoto."

Wanaomjua Vidole husema mikono yake haijawahi kusimama katikati ya msuko. Ugomvi ukitokea barabarani, yeye husuka. Mvua ikivuja, husuka. Siku ile ilisimama.

"Na sasa hivi inawaka?"

"Inawaka, dada. Hata siku ile nilipokuja kukuulizia nafasi ilikuwa inawaka."

Vidole aliendelea kusuka, na mwalimu akaanza kulalamika kwamba leo unavuta, dada, leo unavuta mno, macho yananitoka. Vidole akamwomba radhi, akalegeza. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kilichokuwa kikipanda polepole kama maziwa kwenye sufuria, na hakuwa na nia ya kukipulizia.

Jina hilo la Vidole alipewa na wateja tangu akiwa msichana, kwa wepesi wa mikono yake. Alisuka maharusi, akasuka binti za wale maharusi. Alipofika umri wa kuanza kuitwa bibi, macho yakaanza kumdai. Presha ya macho, daktari alisema, na dawa zikachelewesha jambo bila kulizuia. Kwanza alipoteza pembeni, akawa anagonga milango kwa bega. Kisha kati nako kukaingia ukungu, na mwisho ukungu ukafunga kabisa. Watu walikuja kumpa pole wakidhani wataikuta kazi imeisha. Walimkuta anasuka. Nywele, aliwaambia, hakuwahi kuzisuka kwa macho hata alipokuwa nayo.

Kupika nako hakuacha. Alikuwa na jiko la gesi la mezani lenye mioto miwili, la zamani, ambalo swichi zake za kuzungusha alizijua kama anavyojua meno yake. Moto mkubwa ulikuwa na mvumo wake na mdogo una wake. Kitunguu kilimwambia kwa harufu kimefika wapi. Maharage yalimwambia kwa mlio wa mfuniko. Mumewe, dereva wa basi la shule, alirudi mchana kati ya safari ya asubuhi na ya jioni, akakuta chakula mezani. Hakuna aliyemwonea huruma mtu mwingine katika nyumba ile, na Vidole alipenda hivyo.

Halafu siku moja mkono wa gauni ukashika moto.

Lilikuwa gauni la mikono mipana, zawadi. Alinyoosha mkono kuchukua chumvi upande wa pili wa jiko, na kitambaa kikapita juu ya moto. Dereva ndiye aliyeingia na kumrukia na taulo lililolowa. Palibaki kovu kuanzia kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko, ngozi iliyojikunja kama karatasi. Binti yao mkubwa, ambaye ni nesi katika wodi ya walioungua, ndiye aliyekuwa akimfunga bandeji. Alizifunga bila kusema neno, na Vidole angejua kutokana na ukimya huo kwamba kuna jambo linapikwa, kama angesikiliza vizuri.

Kabla kidonda hakijakauka, jiko la gesi likaondoka. Nesi alilipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu siku ambayo mama yake alikuwa kliniki, na mahali pake likawekwa jiko jipya la umeme, bapa, kioo kitupu. Lilikuja na sufuria zake nzito za chuma, na sufuria za Vidole za alumini zikapandishwa juu ya kabati. Hili halina moto, Nesi alimweleza. Linapasha sufuria yenyewe tu, gauni haliwezi kuungua. Vidole alinung'unika kwamba hakuulizwa, lakini kovu lilikuwa bado linauma na hakuwa na nguvu ya kugombana. Akapitisha kiganja juu ya kioo kutafuta swichi. Hakukuta swichi. Alikuta ulaini tu, kama kupapasa dirisha.

"Unagusa hapa, Mama," Nesi alimshika kidole akakiweka. "Hapa kuwasha, hapa kuongeza."

Nesi alipokuwa naye, jiko lilitii. Nesi alipoondoka, halikutii. Vidole aligusa, akabonyeza, akakandamiza. Jiko lilitoa mlio mfupi wa kukataa na kunyamaza. Mumewe alipokuja akagusa, likawaka mara moja.

"Mbona wewe linakukubali?"

Dereva alikohoa. Nesi ndiye aliyetoa jibu, jioni alipopita kuangalia bandeji. "Mama, kioo hiki kinasoma ngozi. Wewe umesuka miaka yote hii, ncha za vidole vyako zimekuwa ngumu. Ngozi imekufa pale juu. Kioo hakiisikii."

Aliyasema kwa ile sauti ya hospitali, na Vidole akaamini. Atafanyaje asiamini? Huyo ndiye msomi wa ngozi katika ukoo mzima. Kuanzia siku hiyo alianza kujipaka mafuta kwenye ncha za vidole kila asubuhi, akizisugua kwa kipande cha jiwe laini la kusugulia miguu. Alipokuwa peke yake alizibonyeza moja baada ya nyingine kwenye shavu kuona kama zinasikia. Na wakati wa kusuka, kwa mara ya kwanza maishani, alianza kuwa na wasiwasi. Je, mstari umenyooka? Je, mkono huu umekufa na wateja wananionea haya kuniambia? Chakula kilipikwa na Dereva, ambaye hajui kupika, au kililetwa na Nesi kwenye mabakuli yenye vifuniko. Vidole alikula kama mgeni, akashukuru kama mgeni.

Sasa mwalimu wa chekechea amemwambia habari ya kufuli.

Alimaliza msuko, akambusu mwalimu utosini kama ada yake, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akakaa kwenye kile kigoda na kumsubiri mumewe.

Dereva aliingia mchana akipiga mluzi. Alimkuta mkewe ametulia, mikono mapajani.

"Mume wangu," alisema kwa sauti laini, "hebu niwashie jiko nichemshe chai."

Mwanamume aliyeishi na Vidole muda wote huo alipaswa kuiogopa sauti ile, lakini njaa ilimziba masikio. Akasogea, akagusa kioo. Jiko likatoa mlio mrefu, kisha mfupi.

"Huo mrefu ni wa nini?"

"Mrefu upi?"

"Huo wa kwanza. Kila siku nausikia."

"Ah. Ni... linaamka."

"Linaamka. Na mimi nikiligusa mbona haliamki?"

"Si ulimsikia mwanao alivyosema. Ngozi ya..."

"Ngozi!" Vidole alisimama kwa ghafla mpaka kigoda kikaanguka. "Rudia tena. Niambie tena habari ya ngozi yangu. Mwalimu wa chekechea ana mtoto ambaye bado anakojoa kitandani, na huyo ndiye anayefungiwa jiko kwa kufuli hiyo. Mtoto wake na mimi! Nimekuzalia, nimekupikia, nimekuzikia mama yako kwa mikono hii, leo mmekaa na mwanao mkanifungia jiko kama kitoto cha kutambaa?"

Dereva alitafuta pa kushika. Akashika mgongo wa kiti.

"Mama watoto, tulikuwa tunaogopa."

"Mlikuwa mnaogopa mkanidanganya. Najipaka mafuta vidole kila asubuhi, na wewe umekaa hapo unaniangalia! Uliniona ninajisugua na jiwe. Ulinywa chai yako ukaniangalia."

"Nilitaka kusema."

"Ulitaka!"

Dereva aliachia kiti, akasema, na sauti yake haikuwa ya kujitetea tena. "Wewe hukuona siku ile. Mimi niliona. Niliingia pale mlangoni, moto umefika hapa kwenye mkono, na wewe ulikuwa unaimba. Unaungua huku unaimba. Bado hujasikia. Kila nikilala naiona."

Hilo lilimgusa Vidole, hatukatai. Hakuwa akijua kwamba alikuwa anaimba. Lakini hasira yake haikuwa na mlango wa kutokea upande huo.

"Basi ungeniambia hivyo," alisema. "Ungesema, mke wangu, kila nikilala nakuona unaungua. Ningekusikiliza. Ningetukana, lakini ningekusikiliza. Nyinyi mkaniambia vidole vyangu vimekufa. Unajua nina nini kingine mimi zaidi ya vidole?"

Dereva alizima jiko, akatoka, akaenda kuanza safari ya jioni kabla ya saa yake bila kula.

Vidole akampigia simu Nesi. "Ukitoka kazini upite hapa," alisema. "Usilete bakuli."

Nesi alikuja moja kwa moja, bado na sare, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye sakafu. Baba yake alikuwa ameshampigia, kwa hiyo hakujifanya hajui. Alivuta kiti akakaa mbele ya mama yake, wakiwa wamekaribiana kiasi cha kugusana.

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza sana. Umeniambia ngozi imekufa, nikasikiliza."

"Unajua ninachokiona kila siku? Unajua watu wanavyoletwa pale? Mama mmoja alikuwa anachemsha maji tu. Maji tu, Mama, ana macho yake mawili. Wewe ulipoletwa nilikuwa zamu, nikadhani kichwa kitapasuka. Nikasema sitakubali. Sitakubali nikufunge bandeji usoni."

"Kwa hiyo ukanifunga jiko."

"Nilijua nikikuambia uache, hutaacha! Nani amewahi kukuambia kitu ukaacha? Nikasema, ukiona mwenyewe huwezi, utaacha mwenyewe. Bila ugomvi."

Mlango wa nyuma ulipigwa na upepo, ukajirudisha. Nesi mwenyewe alisikia alichokisema, na akatamani akirudishe mdomoni.

"Ulitaka nijione siwezi," Vidole alisema.

"Mama, si hivyo..."

"Ni hivyo hivyo. Ulitaka nikae hapa nijiambie, Vidole, umekwisha. Na nilikuwa nimeshaanza. Wiki hii nimemkataa mteja. Nimemwambia aende kwingine kwa sababu mkono wangu siuamini. Hiyo bandeji uliyonifunga ni mbaya kuliko ya uso." Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, mkono wenye kovu. "Toka."

"Mama."

"Toka, mwanangu, kabla sijasema neno ambalo nitashindwa kulifuta."

Nesi akatoka. Viatu vyake vililia hadi barabarani. Vidole alilia pia, lakini kwa hasira, machozi ya mtu anayetaka kuvunja sahani na anakumbuka kwamba atakayefagia ni yeye.

Jumamosi yake alivaa vizuri, akamwambia mumewe wanakwenda dukani kuchagua jiko. Dereva alisema sawa. Siku hizo alikuwa anasema sawa kwa kila kitu.

"Lakini sikiliza. Barabarani unanishika mkono. Tukiingia ndani, wewe ni fimbo. Na fimbo haisemi."

"Sawa."

Duka lilikuwa na ubaridi wa mashine na harufu ya maboksi mapya. Muuzaji, kijana aliyejipulizia manukato bila huruma, aliwapokea kwa uchangamfu.

"Karibuni sana. Mzee, mama anatafuta nini?"

Dereva alinyamaza.

"Mzee? Mama angependa kitu gani?"

Dereva akaangalia dari. Kijana akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Mama anatafuta jiko la kuweka mezani," Vidole alisema, "na mama ana mdomo wake. Niambie mimi."

"Samahani, mama. Kwa watu kama wewe, wenye matatizo, tunashauri haya ya kioo, ya kugusa..."

"Matatizo gani?"

"Ya... ya kutoona."

"Kutoona ni moja. Hayo matatizo mengine ni nani amekuambia ninayo? Haya, nipeleke kwenye ya gesi kwanza. Ya kugusa nimeshayagusa."

Kijana akampeleka. Vidole aliweka mikono juu ya jiko la gesi la mioto minne, na mikono ikatambua kabla yake. Vyuma vya kuwekea sufuria, vizito, vyenye meno. Swichi za kuzungusha, moja, mbili, tatu, nne, kila moja na kijino chake cha kuonyesha imeelekea wapi. Alizungusha moja, ikamgusa moyo. Karibu yake alisikia pumzi ya mumewe imekatika. Fimbo haikusema neno, lakini iliacha kupumua.

Alisimama pale kwa muda. Alijua angeweza kusema hili hili, na hakuna ambaye angethubutu kumpinga baada ya yale yaliyotokea. Alitaka kulisema. Aliutaka mvumo wa moto wake, na alitaka Nesi aje aukute umewaka. Lakini kovu lilikuwa linamwasha chini ya mkono wa gauni, na alijua kitu ambacho hakutaka kukijua: moto humwambia mtu ulipo, lakini haumwambii umeishia wapi. Akaondoa mikono kwenye swichi, kwa hasira, kana kwamba ni jiko lililomkataa yeye.

"Haya, lingine."

Lililofuata lilikuwa la umeme lenye sahani mbili za chuma. Swichi zake zilikuwa nzuri, zinagonga ukizungusha.

"Nikizima linapoa baada ya muda gani?"

"Linachukua muda kidogo, mama. Chuma kinashika joto."

"Na nitajuaje kama bado lina moto?"

"Kuna taa hapa inaonyesha."

"Taa."

Kijana alipozungumza tena, sauti ya biashara ilikuwa imepungua. "Samahani, mama. Sikufikiri."

"Sasa anza kufikiri, tutaelewana. Nataka jiko ambalo nikilizima limezimika. Nataka swichi ninayoishika. Na sitaki kufuli. Umesikia? Neno kufuli sitaki hata kulisikia."

Kijana alizunguka nyuma ya maboksi. Akarudi na moja, akalifungua, akaliweka mezani kwa kishindo. "Hili halitoki sana," alisema. "Watu wanasema swichi zake ni za kizamani. Juu ni kioo, linapasha sufuria tu kama yale ya kugusa. Lakini mbele lina swichi za kuzungusha. Na halina kufuli, nimeliangalia."

Vidole aliikuta swichi. Ilikuwa nene, yenye mikunjo pembeni, na kila hatua iligonga chini ya kidole. Alirudi nayo nyuma mpaka mwisho, ikagonga kwa nguvu na kukataa kuendelea.

"Liwashe."

"Mama, haya ya dukani hatuyaunganishi."

"Ukinunua viatu huvivai? Liunganishe, uweke sufuria na maji."

Kijana alitazama huku na huku, akavuta waya. Sufuria ikaletwa kutoka kwenye rafu, na maji kutoka chupa yake ya kunywa. Jiko likaanza kunguruma chini kwa chini, mngurumo mwembamba kama wa friji, na Vidole alipozungusha swichi mngurumo ulipanda nao. Aliisikia ile sauti ikipanda, na uso wake ukabadilika kidogo. Aliweka kiganja kando ya sufuria. Baridi. Sufuria ilipoanza kushika joto aliinyanyua mwenyewe, jiko likalia na kukata, kisha kabla mtu hajamzuia akaweka kiganja pale ilipokuwa.

"Mama!" kijana alipiga kelele.

Kioo kilikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahaulika. Basi.

Na hapo ndipo hasira ilipompanda upya, mpaka Dereva akaiona shingoni mwake. Maana jiko lililomfaa lilikuwa ndugu wa lile la kufuli. Mwanawe alikuwa sahihi. Kuhusu aina ya jiko alikuwa sahihi kabisa, angekuja tu akasema, Mama twende ukaguse, wangelipata pamoja siku ile ile, na kungekuwa na vicheko. Badala yake amefika hapa na kifua kinachowaka, kununua kitu ambacho angekichagua kwa furaha.

"Linataka sufuria za chuma, mama, alumini hazifai," kijana alisema.

"Zile alizoleta mtoto zitafaa," Dereva alisema.

Vidole akageuza uso upande wake. "Fimbo imesema."

Dereva akaufunga mdomo. Kijana alicheka, akajizuia, akacheka tena. Hata Vidole mdomo ulimcheza, lakini hakuwapa raha ya kumsikia akicheka.

"Lifunge vizuri," alisema. "Nalichukua."

Maharage ya kwanza yaliungua. Hakuwa amejifunza mngurumo wake, na sufuria zile nzito zilishika joto haraka kuliko alivyozoea. Dereva alikula kimya kimya, akitafuna kwa bidii.

"Sema yameungua," Vidole alimwambia.

"Si sana..."

"Sema."

"Yameungua."

"Asante."

Ya pili yalikuwa bora. Ya tatu yalikuwa maharage yake. Aliacha kujipaka mafuta vidoleni, na akamtumia ujumbe yule mteja aliyemkataa, akamwambia aje. Lile jiko la kugusa lilifungwa ndani ya boksi na kuegemezwa ukutani barazani, likimsubiri mwenyewe.

Mwenyewe hakuja kwa muda mrefu. Alipiga simu kwa baba yake, akatuma salamu.

"Mwanao anakusalimu," Dereva alisema kila mara.

"Mwambie salamu zimefika. Aliyezituma ndiye sijamwona."

Alikuja Jumapili moja mchana, bila sare. Vidole alimtambua kwa mlango, maana Nesi hufungua mlango kama anaogopa kuamsha mgonjwa. Vidole alikuwa anakaanga viazi. Hakugeuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nesi alisimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuingia. Vidole alisikia jinsi anavyopumua, pumzi fupi fupi za mtu anayemtazama mtoto akivuka barabara. Mafuta yaliruka, tone moja likamwangukia Vidole nyuma ya mkono. Akafyonza meno, akaufuta mkono kwenye aproni. Nyuma yake Nesi alipiga hatua moja. Vidole akasubiri ya pili. Haikuja.

"Mama," Nesi alisema. "Mpini wa kikaango umetokeza nje. Ukipita utaugonga."

Vidole alipapasa, akaukuta mpini, akaugeuza ndani.

"Kumbe unaweza kusema," alisema.

"Nilikosea, Mama. Ile habari ya vidole."

"Hukukosea. Kukosea ni kuzidisha chumvi. Ulinidanganya."

Viazi vililia kwenye mafuta.

"Nilikudanganya," Nesi alisema.

"Basi." Vidole alipunguza jiko, hatua moja, mbili. "Sahani ziko pale pale. Toa tatu. Na ukiondoka leo uondoke na lile jiko lako, limenizibia baraza."

Walikula watatu. Maongezi hayakuwa marefu, na hakuna aliyejifanya kwamba mambo yamekwisha. Nesi aliosha vyombo, akauliza kila kimoja kinakaa wapi, na mama yake akamjibu kila kimoja, kwa ukali. Jioni aliondoka na boksi kichwani hadi kwenye teksi, baba yake akimsaidia upande mmoja.

Hasira ya Vidole ilipungua polepole, na kuna sehemu ambayo haikupungua. Bado anasuka. Bado anapika, na ana makovu mengine madogo mawili ambayo hakumwonyesha mtu, ingawa Nesi ameshayaona na amemeza maneno. Na hadi leo, akizungusha swichi na jiko likachelewa kidogo tu kunguruma, husimama wima, akageukia ndani ya nyumba na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Nani ameshika jiko langu?" Aliye ndani hujibu haraka sana kwamba hakuna, umeme ndio umekatika.